Misumari ya Shavu la Kulia

Kwa miaka ishirini na sita fundi makochi aliweka misumari yake katika shavu la kushoto. Aliitia kinywani kwa mkupuo mmoja, kumi na miwili au kumi na mitano, kisha ulimi ukaisukuma mmoja mmoja hadi kwenye midomo, kichwa mbele, mkono wa kushoto ukaupokea na wa kulia ukaupiga nyundo. Mteja aliyeyaona hayo kwa mara ya kwanza alisahau kilichomleta. Mkewe, aliyeshona foronya za mito kwenye cherehani upande wa pili wa karakana, alikuwa ameacha kuyaona zamani. Kwa hiyo Jumatatu ile alipoinua macho kutafuta uzi, akaona shavu la mumewe la kulia ndilo lililotuna, alihisi kuna kitu hakiko sawa bila kujua ni nini. Alishona foronya mbili nzima kabla ya kukitambua.

"Umehamisha misumari," alisema.

"Mm," fundi alijibu.

Hiyo "mm" ilikuwa na historia yake. Mtu mwenye misumari mdomoni haulizwi mambo mazito, na fundi aliligundua hilo mapema kwenye ndoa. Akiulizwa kuhusu bati linalovuja jikoni, mm. Akiulizwa kwa nini jana karakana imelala bila kufuli, mm. Akiulizwa kuhusu sigara, aliongeza misumari mitatu juu ya ile iliyomo. Mkewe alikuwa amemnunulia mashine ya kupigia pini, kama wanazotumia mafundi wote siku hizi, na mashine ile ilikaa kwenye boksi lake juu ya kabati ikila vumbi. Fundi alidai pini hazishiki. Mkewe alijua kasoro ya mashine ile ni moja tu: ingemwacha mume na mdomo mtupu kutwa nzima.

Mchana walipokaa kula, alimchunguza. Fundi alitafuna upande mmoja. Chai aliiacha mpaka ikapoa kabisa, ndipo akainywa, yeye aliyezoea kuinywa ikifuka moshi. Mkewe akakumbuka kwamba chai imeanza kuachwa ipoe tangu walipokuwa na viti vya hoteli. Pale karakanani hawakuhesabu siku kwa kalenda bali kwa kazi zilizopita mkononi, na viti vya hoteli viliondoka wiki mbili zilizopita, yakaingia makochi ya wakili.

"Una nini mdomoni?"

"Msumari ulinichoma. Kajeraha tu."

"Lini?"

"Juzi juzi hapa."

Juzi juzi. Mkewe alisukuma sahani yake pembeni. Angeweza kumtajia viti vya hoteli, lakini alijua angejibiwa kwamba hivyo navyo ni vya juzi juzi.

Wiki iliyofuata, akiwa peke yake na cherehani, alisikia redioni kile kipindi cha daktari. Kwa kawaida kilimpita tu masikioni. Daktari yule alikuwa na sauti ya mtu aliyekwisha sema jambo moja mara elfu na hatarajii kusikilizwa. Aliomba watu waache sigara, wapunguze pombe, watembee, wale mboga na matunda, wasiache uzito uwapande, wawapeleke mabinti wakachanjwe dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Kisha akaanza kutaja dalili za saratani zisizostahili kungojwa: uvimbe mpya, damu inayotoka pasipo sababu, kikohozi kisichoondoka, mwili kupungua bila mtu kujinyima. Na kidonda cha mdomoni, alisema, kikipita wiki tatu bila kupona, hata kama hakiumi, kikatazamwe. Mkewe akaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Akihesabu tangu viti vya hoteli, wiki tatu zilikuwa zimeshapita.

Alimwambia mume siku hiyo hiyo, na hapo ndipo kisirani kilipoanza. Ijumaa fundi hakuweza kwenda zahanati kwa sababu makochi ya wakili yalikuwa yanachukuliwa Jumamosi. Jumatatu foleni za Jumatatu zinajulikana. Jumatano kidonda kilikuwa kimepungua, tena sana, wewe hukioni tu. Wiki iliyofuata aliingia kwenye viti vya saluni, na mtu hawezi kuacha viti vya saluni vimetoa matumbo nje. Kila sababu, ukiichukua peke yake, ilikuwa na akili. Ukizipanga pamoja zilikuwa ukuta, na fundi alikaa nyuma yake akipiga nyundo.

Kama hayo hayatoshi, washauri wakajitokeza. Wifi yake, dada mkubwa wa fundi, alikuja kuangalia hali akatoa hukumu akiwa bado mlangoni: ni jino, ang'oe. Kinyozi wa jirani alisema atafune karafuu. Muuza vitambaa alisema asukutue kwa maji ya chumvi, na mtu mwingine ambaye hakuna aliyemjua vizuri akasema asali. Fundi, ambaye kwa mkewe alikuwa sugu asiyesikia la kuambiwa, aliwasikiliza wote kwa adabu ya kushangaza. Alitafuna karafuu. Alisukutua chumvi. Alikubali kila ushauri isipokuwa ule wenye mlango wa zahanati ndani yake.

"Hao wote uliwasikia," mkewe alimwambia. "Mimi nina kosa gani?"

"Wewe unasema sana, Mama Watoto."

Neno hilo lilimchoma mkewe, na halikutoka. Usiku na mchana alilirudia kichwani, akitafuta jinsi ya kulikanusha, akashindwa. Kweli alisema sana. Alisema kuhusu sigara na kuhusu bati, kuhusu kufuli na kuhusu viatu vyenye matope, kuhusu chumvi anayojimwagia kwenye chakula kabla hata hajakionja. Alisema yote kwa sauti ile ile, kwa uzito ule ule, kila siku iendayo kwa Mungu. Sasa lilipokuja jambo moja la kweli, alilitoa kwa sauti ile ile ya bati. Mume angejuaje kwamba hili si bati? Akakasirika upya, safari hii bila kujua hasa anamkasirikia nani.

Alhamisi moja, wiki ya tano tangu misumari ihame, mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili alileta kochi lake la mtu mmoja juu ya mkokoteni. Lilikuwa kochi la zamani la mbao nzito, kitambaa kimechakaa kwenye mikono hadi nyuzi zinahesabika. Mwalimu alitaka kitambaa kipya tu, cha kahawia, basi. Fundi alitema misumari kiganjani. Kwa wateja aliitema, kwa mke hakuitema. Akalizunguka kochi, akaligonga miguu kwa kifundo cha kidole, mmoja baada ya mwingine, ameinamisha kichwa. Kwenye mguu wa nyuma akagonga mara tatu.

"Hapa linalia," alisema. "Tangu lini?"

"Aah, miezi miwili hivi," mwalimu alisema. "Lakini halisumbui. Ukikaa vizuri hata hulisikii."

Fundi alipiga goti, akawasha kurunzi yake ndogo, akamulika chini ya kiti. Alipitisha kidole kwenye sakafu, akakiinua. Kilikuwa na unga mwembamba wa mbao.

"Mwalimu, mimi sifuniki nisichokiona ndani. Nikikuwekea kitambaa leo utanisifu, na mwakani utakaa na wajukuu wako hapa, liwaangushe. Niache nilifungue. Nikikuta ni zima, umepoteza siku moja. Nikikuta mdudu, afadhali nimkute akiwa bado kwenye mguu mmoja."

"Na asipokuwepo?"

"Asipokuwepo utalala usingizi."

Mwalimu alicheka, akakubali, akashika njia. Fundi akageukia misumari yake. Upande wa pili wa karakana cherehani ilikuwa imenyamaza, na mkewe alikuwa ameketi mikono mapajani akimtazama kama anayemwona mtu huyu kwa mara ya kwanza maishani. Kwa zaidi ya wiki tatu amemwomba. Amembembeleza, amemnunia, amempikia uji wa kumtuliza. Kumbe maneno yote mume alikuwa nayo mwenyewe, yamepangwa vizuri kuliko ya daktari wa redioni, na alikuwa anayagawa bure kwa makochi ya watu.

Alisimama, akarudisha nusu ya mlango, akaokota kurunzi sakafuni.

"Fungua mdomo."

"Mama Watoto, nina kazi."

"Fungua."

Hakupaza sauti. Pengine ndiyo maana fundi, kwa mara ya kwanza, aliiweka misumari kwenye benchi, akaketi juu ya kochi la mwalimu na kufungua mdomo. Mkewe alimulika. Alitarajia mkwaruzo. Alichokiona kwenye ubavu wa kushoto wa ulimi kilikuwa na ukubwa wa kifungo cha shati, katikati kimewiva wekundu, kingo zake nyeupe na zimenyanyuka. Hasira aliyokuja nayo ilimtoka yote kwa pamoja, na mahali pake pakaingia hofu, hofu ya wazi isiyo na jina jingine. Alizima kurunzi ili mume asimwone uso.

"Msumari," fundi alisema.

"Misumari iko upande gani siku hizi?"

 Mkono wa fundi ulipapasa kwenye benchi, ukaikuta misumari, ukaiacha.

"Imehama wiki tano," mkewe alisema. "Tangu makochi ya wakili. Hakuna msumari hata mmoja uliogusa upande huu tangu siku hiyo. Kama ni hiyo inayokuchoma, kidonda kingehama nayo. Kwa nini kimebaki?"

Nje mtu alipita akisukuma baiskeli inayolia mnyororo. Fundi alikuwa anatazama viganja vyake. Mkewe alingoja, na hakuongeza neno, ingawa maneno yalikuwa yamemjaa mpaka kooni.

"Nalijua hilo," fundi alisema hatimaye. "Nimelijua siku nyingi." Kisha akainua macho. "Na kadi yako?"

"Kadi gani?"

"Ile ya waridi. Chini ya kopo la vifungo."

Hakuisema kwa ushindi, na hilo ndilo lililouma zaidi. Kadi ya waridi ilikuwa ya uchunguzi wa mlango wa kizazi. Alipewa na muuguzi aliyepita mtaani, ikiwa na tarehe, saa na namba ya chumba, na tarehe yenyewe ilikuwa imepita kwa miezi kumi na minne. Mkewe aliiweka chini ya kopo ili asiisahau, akaisahau kwa makini sana.

"Nikichukua kifungo naiona," fundi alisema. "Nikawa nasema moyoni, akienda yeye, na mimi nitaenda."

Mkewe alifungua mdomo kumjibu. Alikuwa na majibu: foronya zilikuwa nyingi, foleni ya kule inajulikana, haumwi popote, atakwenda akipata nafasi. Yalifika kwenye ulimi yakiwa yamejipanga, na yote yalikuwa na sauti ya mumewe. Alitamani kumpiga kwa kurunzi. Alitamani pia kukaa sakafuni alie.

"Kesho," alisema. "Wote wawili."

"Kochi la mwalimu..."

"Kochi la mwalimu lina mdudu. Litangoja siku moja. Umesema mwenyewe."

Kule zahanati, daktari wa meno alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mikono midogo na maneno machache. Alitazama ulimi kwa muda mrefu, akabonyeza kingo za kidonda kwa kidole chenye glavu, akapapasa chini ya taya pande zote mbili. Akauliza kuhusu sigara.

"Tano kwa siku," fundi alisema.

Mkewe alitazama dari.

"Kumi na tano," fundi alisema.

Alimsimulia daktari kuhusu misumari. Daktari hakucheka. Alisema kitu chenye ncha kweli huleta kidonda, lakini kikiondolewa, kidonda hufunga ndani ya wiki mbili, tatu. Hiki kimekataa. Huenda si kitu kikubwa, alisema, na huenda ni kitu, yeye kwa macho hawezi kujua na wala hatajifanya anajua. Atakata kipande kidogo kikapimwe. Majibu ni baada ya siku kumi. Wakati akiandaa sindano ya ganzi alimgeukia mke, akauliza kama ataketi au atangoja nje. Mkewe akatoa kadi ya waridi kwenye mkoba, imejikunja pembe na ina duara la kopo katikati, akauliza chumba namba sita kiko wapi.

Mkewe alipotoka chumba namba sita, fundi alikuwa kwenye benchi la ukumbini, kipande cha pamba kimebanwa shavuni. Aliketi kando yake. Mbele yao, ukutani, saa ilikuwa imesimama, na hakuna aliyeshughulika nayo.

"Wameona kitu," alisema.

Fundi akageuka mwili mzima.

"Muuguzi alinipaka dawa inayonuka kama siki, pakatokea alama nyeupe. Si saratani. Ni mwanzo wa kitu ambacho kikiachwa miaka kinaweza kugeuka kuwa hicho. Amekiunguza pale pale kwa kifaa chake, dakika chache, amemaliza. Mwakani nirudi atazame tena."

Alingoja. Lau fundi angesema lolote lile, kwamba yeye ndiye aliyekuwa akipigiwa kelele wiki zote zile na aliyekuwa na la kutibiwa ni mpiga kelele, asingekuwa na la kujibu. Fundi alitoa pamba mdomoni, akaitazama, akairudisha.

"Mguu mmoja," alisema kwa taabu, ulimi umekufa ganzi.

"Mguu mmoja," mkewe alisema.

Mkono wa fundi ulipanda wenyewe hadi mfuko wa shati, kama ulivyopanda kila alipolazimika kungoja. Ukashika pakiti. Ukakaa pale kitambo, kisha ukashuka mtupu. Mkewe aliona yote hayo na alikuwa na la kusema, tena zuri, la kufungua mkutano. Akalimeza.

Daktari alikuwa amepiga marufuku misumari mdomoni, na mashine ya pini ilipotolewa kwenye boksi ilikutwa imeshika kutu kwa kukaa. Siku ya kwanza fundi alitia misumari kwenye bakuli, akawa anainama kila mara kuufuata mmoja, anaudondosha, anautafuta sakafuni kwa matusi ya chini chini. Kazi ya saa moja ilikula asubuhi nzima. Mkewe alivumilia mpaka akashindwa. Aliacha foronya kwenye cherehani, akaburuta kigoda, akachukua bakuli mapajani na kuanza kumpa msumari mmoja mmoja. Mwanzoni walipishana, mkono ukifika msumari haupo, msumari ukifika mkono haupo. Kufikia siku ya tatu hakulazimika tena kumtazama.

Na kwa kuwa mdomo ulikuwa mtupu, fundi alianza kuongea. Siku ya nne alisema bati atalipandia Jumapili. Siku ya tano alisema ile pakiti ya siku ya zahanati bado ina sigara saba, na kwamba anajua hasa ni saba kwa sababu anazihesabu badala ya kuzivuta, na kwamba ni mateso. Siku ya saba, akiwa amefungua mguu wa nyuma wa kochi la mwalimu na kuukuta umetobolewa ndani kama sega, aliukata, akauweka pembeni, akaendelea kuutazama.

"Naogopa," alisema.

"Najua."

"Wewe huogopi?"

Mkewe aliuchagua msumari kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Naogopa. Lakini zaidi nimekasirika. Nimezikasirikia zile wiki tano, na miezi yangu kumi na minne. Nikiamka asubuhi hasira imeamka kabla yangu."

"Unikasirikie na mimi."

"Wewe umo, usihofu."

Fundi alicheka, akajishika shavu kwa maumivu.

Siku ya kumi walitakiwa zahanati saa nne. Saa tatu na nusu mkewe alikuwa amekwisha vaa, mkoba begani, na fundi bado alikuwa anamalizia mgongo wa kochi la mwalimu. Mguu mpya ulikuwa mahali pake, na kitambaa cha kahawia kilikuwa kimevutwa vizuri bila mkunjo. Kwa kawaida angemwambia, na si mara moja, kwamba watachelewa, kwamba kochi halikimbii, kwamba ndivyo alivyo siku zote. Aliinamia bakuli, akampa msumari, akampa mwingine. Nyundo ilikuwa inapiga polepole kuliko siku zote.

Alipofikisha vidole chini ya bakuli akaukuta wa mwisho, akautoa. Fundi aliupigilia kwenye kona, mapigo mawili, akapitisha dole gumba juu yake kuona kama umelala sawa. Kisha akaunyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kiganja wazi, kama alivyozoea. Mkewe aliutazama mkono ule. Aliweka bakuli tupu sakafuni, akaweka mkono wake ndani ya kile kiganja, kikafumba.

Walitoka hivyo, wakapita kinyozi na muuza vitambaa, ambao waliwatazama wala hawakutoa ushauri. Walikuwa wamefika barabarani fundi aliposimama kidogo.

"Kufuli," alisema. "Hatujafunga."

"Najua," mkewe alisema, akamvuta mkono, wakaendelea na safari.